Naji al-Ali na Mtoto Asiyegeuka

Mwishoni mwa Desemba 2024 nilikuwa nikirudi kutoka Meru, nilikokwenda kwa arusi, nikapitia Chuka na Runyenjes na kupumzika siku mbili mjini Embu. Aliyenikaribisha ni mzee mmoja mwenye duka la vitambaa, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani akifuata biashara, akaoa huko na akazikwa huko. Tulipokwisha kusali alasiri tuliketi barazani pake, tukaletewa chai ya tangawizi, na mazungumzo yakaanza kama ilivyo desturi ya watu wa rika letu: nani amekufa, nani ameoa, mvua imenyesha vipi.

Lakini mji haukuwa na raha. Tarehe 21 ya mwezi huo kijana mmoja wa Embu alichukuliwa na watu wasiojulikana, na ikasemwa kuwa kosa lake ni picha ya kumkejeli Rais aliyoiweka mtandaoni. Siku tatu baadaye akatoweka Nairobi kijana mwingine, Kibet Bull, anayejulikana kwa katuni zake za vivuli vyeusi. Polisi walikana kuhusika. Vijana wa Embu waliingia barabarani kudai mwenzao arudishwe, na wazazi wenye watoto wa kiume walikuwa wakihesabu vichwa kabla ya kukomea mlango.

Mwenyeji wangu naye ana mtoto wa kiume, wa miaka 17, mwanafunzi wa sekondari. Mzee aliingia ndani akatoka na daftari la hesabu, akaniwekea mapajani pasi na kusema neno. Kurasa za mbele zilikuwa hesabu kweli. Za nyuma zilijaa katuni. Nilimwona mheshimiwa ambaye tumbo lake limeketi kiti chake cha peke yake. Niliona barabara yenye mashimo na watu wamekaa kando yake wakivua samaki. Niliona mama aliyebeba mtoto mgonjwa mbele ya dirisha la dawa lililofungwa. Walikuwamo na wakubwa zaidi ya hao, ambao sitawataja. Mkono wa kijana ulikuwa mchanga bado, lakini jicho lilikuwa la mtu mzima.

Mzee akaniomba, kwa kuwa mimi ni mtu wa magazeti na kijana ananiheshimu na kuniita mjomba, nimkanye aache. Alinieleza kuwa hofu yake si ile hitilafu ya wanavyuoni juu ya kuchora viumbe vyenye roho. Hofu yake ni gari lisilo na namba.

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba amwite kijana aketi nasi, nikawasimulia maisha ya mchoraji mmoja ambaye nimeishi naye tangu utoto wangu bila ya kuonana naye. Wasomaji wangu, leo nawasimulia nanyi kama nilivyowasimulia wao.

Magazeti ya kufungia tende

Miaka ya 1980 ami yangu alikuwa Kuwait, kama vijana wengi wa pwani waliokwenda Ghuba kutafuta riziki. Kila alipopata mtu wa kurudi, alituletea tende, vitambaa na mafuta mazuri, vyote vimezongwa kwa magazeti ya Kiarabu. Watu wa nyumbani walikimbilia tende, mimi nikikimbilia magazeti. Nilikuwa chuoni bado, Kiarabu nikikisoma kuliko nilivyokifahamu, basi kilichoniteka kilikuwa katuni ya gazeti la Al-Qabas.

Katika katuni hiyo hakukosekana mtoto mmoja mdogo. Yu peku, nguo zake zina viraka, nywele zake chache zimesimama kama miba, naye ametupa mgongo na mikono kaifumba nyuma. Mimi niliamini kuwa ni mwanachuo mwenzangu, aliyeadhibiwa na maalim wake asimame kuuelekea ukuta, kwani nami nilipata kusimamishwa hivyo mara nyingi. Nilimwonea huruma, nikawa nangojea gazeti ambalo humo adhabu yake itakwisha ageuke tumwone uso. Hakugeuka. Mwaka 1987 ami akaleta habari kwamba mwenye kumchora ameuawa.

Mwenye kumchora alikuwa Naji al-Ali, Mpalestina, mchoraji katuni aliyejulikana kuliko wote katika ulimwengu wa Kiarabu wa zama zake.

Kijiji cha Mti

Alizaliwa miaka ya 1930 katika kijiji cha al-Shajara, maana yake Mti, huko Galilaya kaskazini ya Palestina, baina ya Tiberia na Nazareti. Mwaka 1948, ilipoundwa dola ya Israeli na vita vikapiganwa, wanakijiji walipoteza kijiji chao na jamaa yake Naji wakavuka mpaka kuingia Lebanon. Yeye alikuwa mtoto wa miaka kama 10. Walifikia katika kambi ya wakimbizi ya Ain al-Hilweh, karibu na mji wa Saida. Jina la kambi hiyo maana yake ni Chemchemi Tamu. Utamu wa kukaa hemani mvua na jua, kungojea kugawiwa unga, kila mwenye akili ataukadiria mwenyewe.

Hapo ndipo alipokulia. Alisoma kiasi alichopata, akafanya kibarua katika mashamba ya matunda, kisha akajifunza ufundi wa magari katika mji wa Tripoli wa Lebanon. Mwaka 1957 alikwenda Saudia, akafanya kazi ya ufundi kwa miaka 2, akarudi kambini. Nalitaja jambo hili la ufundi makusudi, kwa kuwa watu hudhani mchoraji huzaliwa na kalamu ya dhahabu mkononi. Huyu mikono yake ilijua grisi kabla ya kujua wino.

Aliporudi aliingia siasa, akafungwa mara kadhaa na serikali ya Lebanon, na alipofungwa alichora ukutani kwa chochote alichokipata. Mwaka 1960 alijiandikisha katika chuo cha sanaa mjini Beirut, lakini kamatakamata haikumwacha akamaliza. Akawa mwalimu wa kuchora katika mji wa Sur.

Mlango wake ulifunguliwa na mwandishi. Ghassan Kanafani, mtunzi mashuhuri wa riwaya wa Kipalestina, alizuru kambi akaziona picha zake, akazichukua, na mwaka 1961 akatoa mojawapo katika jarida la Al-Hurriya. Kanafani mwenyewe aliuawa Beirut mwaka 1972 kwa bomu lililotegwa garini mwake. Basi huyu aliyemfungulia mwenziwe mlango ndiye aliyemtangulia kaburini, na Naji alijua mapema bei ya bidhaa anayoiuza.

Tunda chungu

Mwaka 1963 alihamia Kuwait, akachora katika jarida la At-Tali'a, na baadaye katika gazeti la As-Siyasa. Humo, mwaka 1969, ndimo alimozaliwa yule mtoto. Jina lake ni Handhala.

Wasomaji waliokaa vyuoni watalikumbuka jina hili kwa yule sahaba shahidi aliyeoshwa na malaika. Asili yake ni mmea wa jangwani wenye tunda chungu, na waliosoma hadithi wanajua kuwa tunda hilo Mtume, rehema na amani zimshukie, alilipigia mfano wa mnafiki asiyesoma Kurani. Naji alilichukua kwa uchungu wake na kwa ubishi wake. Mmea huo ukiukata juu, mizizi iliyozama chini huchipua tena. Aliyetoka katika Chemchemi Tamu akamwita mtoto wake Tunda Chungu.

Umri wa Handhala ni miaka 10, umri aliokuwa nao Naji siku alipotoka kijijini. Mchoraji alieleza kuwa mtoto huyo hatakua mpaka arudi kwao, ndipo atakapoanza kuhesabu miaka kama watoto wengine. Mwanzoni uso wake ulionekana. Ni baada ya vita vya Oktoba 1973, viongozi walipoanza kuzungumzia mapatano ambayo Naji aliyaona yatamwacha mkimbizi hemani, ndipo mtoto alipotupa mgongo na kuifumba mikono nyuma. Hakuwa mwanachuo aliyeadhibiwa, kama nilivyodhani mimi. Yeye ndiye aliyewaadhibu wakubwa kwa kukataa kuwapa uso wake.

Katika katuni hizo walikuwamo na wengine. Alikuwamo mtu mkonde, mwenye pua ndefu na miguu mikubwa isiyo na viatu, ambaye ni mnyonge wa kila nchi ya Kiarabu. Alikuwamo Fatima, mwanamke asiyetetereka, mwenye funguo ya nyumba iliyoachwa. Na walikuwamo wanene wasio na shingo, wenye makalio mapana na miguu iliyonywea, kwa kukaa vitini muda mrefu. Hao walikuwa wafalme, mawaziri, matajiri wa mafuta, na wakubwa wa vyama vya ukombozi waliosahau ukombozi. Mara nyingi hapakuwa na neno hata moja. Asiyejua kusoma alisoma. Inakadiriwa kuwa alichora katuni zaidi ya 40,000.

Sisi watu wa pwani hatuna haki ya kuuona ufundi huu kuwa ni mgeni. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliwasema watawala wa zama zake kwa shairi, na mama zetu hadi leo husemana kwa maandishi ya leso. Fumbo ni mali yetu. Katuni ni fumbo lililovuliwa maneno.

Najua yuko msomaji atakayeuliza juu ya dhihaka, na swali lake ni la haki, kwani sura ya Al-Hujurati imetukataza watu kudharau watu. Nami nimelifikiri sana. Naji hakumcheka maskini kwa umaskini wake, wala kipofu kwa upofu wake. Aliyemcheka ni mwenye nguvu kwa kile alichokifanya na nguvu hizo. Na tumefundishwa pia kuwa neno la haki mbele ya mtawala dhalimu lina daraja kubwa. Baina ya makatazo hayo na daraja hiyo pana uzi mwembamba, na kila anayeshika kalamu anatembea juu yake.

Beirut hadi London

Mwaka 1974 alirudi Lebanon kuchora katika gazeti jipya la As-Safir. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, naye akachora mabomu yakianguka. Mwaka 1979 wachoraji katuni wa Kiarabu walimchagua awe mkuu wa umoja wao. Mwaka 1982 jeshi la Israeli liliivamia Lebanon, kambi aliyokulia ikabomolewa, na mwezi wa Septemba yakatokea mauaji ya Sabra na Shatila. Katuni zake za mwaka huo ukiziona huwezi kucheka, wala hazikuchorwa zichekwe.

Mwaka 1983 akarudi Kuwait, safari hii kwa Al-Qabas, gazeti lililokuwa likifungia tende zetu. Lakini wanene walikuwa wamechoka kujiona gazetini. Mwaka 1985 ilibidi aondoke Kuwait, akaenda London na jamaa yake, akiendelea kulichorea gazeti hilo hilo katika toleo lake la kimataifa.

Natamani msomaji alishike jambo moja hapa, maana ndilo lililonifanya niyasimulie maisha haya barazani Embu. Lau Naji angaliwachora maadui wa watu wake tu, angalilindwa, angalipewa nyumba na cheo, na picha yake ingalitundikwa ofisini. Hatari yake ilianza kwa sababu kalamu ile ile iliyomchora askari wa Israeli ilimchora mfalme wa Kiarabu, na iliyomchora mfalme ilimchora kiongozi wa Kipalestina mwenye kutetea taifa huku akila nalo. Mwaka 1987 katuni zake ziliwagusa watu waliokuwa karibu na Yasser Arafat. Marafiki walimwonya. Hakubadili.

Tarehe 22 Julai 1987, alipokuwa akienda kazini, katika barabara ya Ives Street karibu na ofisi ya gazeti lake, mtu mmoja alimpiga risasi ya kichwa akaenda zake. Naji alilala bila ya fahamu zaidi ya wiki 5, akafa tarehe 29 Agosti. Aliwahi kutamani azikwe Ain al-Hilweh, ubavuni mwa baba yake. Alizikwa Brookwood, nje ya London.

Nani aliyemuua? Wako walioishuku Mossad, yaani idara ya ujasusi ya Israeli, na wako waliokishuku chama cha ukombozi cha Palestina. Katika upelelezi, kijana mmoja wa Kipalestina aliyekutwa na shehena ya silaha alifungwa, na ikabainika kuwa alikuwa akiitumikia Mossad. Serikali ya Uingereza ikawafukuza maofisa wa Israeli. Lakini kwa kosa lenyewe la kumuua Naji hakushtakiwa mtu. Mwaka 2017, miaka 30 baadaye, polisi wa London waliwaomba upya watu wenye habari wajitokeze. Mtu akiuawa na ikawa maadui zake na wanaodai kuwa wenziwe wote wanashukiwa, hiyo ni shahada ya namna alivyoishi.

Mwaka 1988 shirikisho la kimataifa la wachapishaji wa magazeti lilimtunukia Kalamu ya Dhahabu ya Uhuru. Aliyetuzwa alikuwa kaburini.

Daftari

Nilipofika hapo, kijana aliuliza alitumia kalamu ya aina gani. Baba yake aliuliza ameacha watoto. Nikawajibu wote wawili: wino mweusi, na ndiyo, ameacha mke na watoto. Pakawa kimya, hata adhana ya magharibi ikatukuta.

Baada ya sala mzee alinikumbusha kuwa sijamjibu. Nami nikamweleza jambo ambalo sijapata kuliandika. Nilipokuwa kijana nilipeleka shairi kwa mhariri mmoja, juu ya kiwanja cha watoto kuchezea ambacho mkubwa fulani alijigawia. Mhariri hakunikemea. Alinifungulia soda, akaniomba kwa upole nibadili beti mbili. Nikabadili. Shairi likatoka, jina langu likasomwa, nikapongezwa mtaani. Siku hizi kiwanja hicho kina jumba la ghorofa. Sidai kuwa beti mbili zingaliuzuia msingi usichimbwe. Ninachosema ni kuwa nimejaribu mara nyingi kuzikumbuka beti zile za kwanza, na hazirudi. Nilizifuta katika karatasi, nazo zikajifuta kichwani.

Nikamwambia, basi, kuwa mimi si mtu wa kumkanya mtoto wake. Lakini pia mimi si mtu wa kumsukuma mtoto wa mwenzangu mbele ya gari lisilo na namba, halafu nipande basi nirudi Mombasa nikalale. Kumsifu shujaa aliyekufa zamani ni kazi nyepesi. Sisi sote tunampenda Naji kwa kuwa katuni zake haziwezi tena kutuletea askari mlangoni.

Mzee alifikiri usiku kucha. Asubuhi, nikifunga mzigo, alinikabidhi daftari nikae nalo kwangu mpaka mambo yapoe. Kijana alisimama kando, hakusema kitu. Aliponishika mkono wa kuniaga aliniomba nisiliweke mahali penye unyevu.

Tarehe 6 Januari 2025 yule kijana wa Embu alirudi kwao hai, na Kibet Bull naye na wenziwe wakarudi, alhamdulillahi. Nilimpigia mwenyeji wangu simu kumpongeza kwa ajili ya mji wake. Nikamuuliza juu ya daftari. Alinijibu nikae nalo kidogo.

Wazee wenzangu watakumbuka kuwa magazeti ya nchi hii yalitulea kwa Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyetuchekesha bila ya kumgusa mkubwa, na kuwa ni mwanzoni mwa miaka ya 1990 tu ndipo wachoraji wetu walipoanza kumchora Rais waziwazi. Uhuru huo una umri mdogo kuliko watoto wetu wa kwanza. Ninapofungua kabati naliona daftari lile, na ninajiuliza kama nimelihifadhi ama nimelizika, nami sina jibu. Kila mwezi kijana hunipigia simu kutoka Embu. Hulizunguka, huniuliza habari za nyumbani na za joto la Mombasa, mpaka mwisho huuliza kama daftari ni zima. Humwambia ni zima. Mara ya mwisho alinieleza, kwa sauti ya chini ili baba yake asisikie, kuwa amenunua jingine.

Mwenyezi Mungu amrehemu Naji al-Ali, na awahifadhi walio hai.